Nani anashika kamba? Kushuka korongo kavu kwa mara ya kwanza

Picha ilimfikia shangazi yangu akiwa sokoni Naivasha, akanipigia simu kabla hajamaliza kulipia nyanya. Katika picha hiyo ninaning'inia hewani, mita zaidi ya 30 kutoka ardhini, na pembeni yangu kuna daraja la mwamba ambalo halikujengwa na fundi yeyote. Hakuuliza kama niliogopa. Aliuliza, "Sasa hiyo kamba, mwanangu, ilikuwa imeshikwa na nani?"

Tangu nianze kushuka makorongo, wengi wameniuliza bei, wengine urefu, wengine kama kuna nyoka. Swali la shangazi ndilo linalogusa kiini cha jambo lenyewe, na jibu lake halimalizwi kwa simu ya mtu aliye sokoni. Kwa hiyo nimeamua kuliandika.

Mahali penyewe ni Moab, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Utah, Marekani, mwendo wa kama saa nne kwa gari kutoka Salt Lake City ninakoishi. Nchi ya huko ni mwamba mwekundu mtupu, uliochongwa na maji miaka na miaka hadi ukajaa makorongo, mengine membamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mchezo wenyewe ni huu: mnaingia korongoni kutoka juu, mnafuata njia ileile inayofuatwa na maji, na pale ambapo maji yangeanguka kwa maporomoko, ninyi mnashuka kwa kamba. Wa mwisho akishafika chini, kamba inavutwa ili itumike tena mbele. Tangu dakika hiyo hakuna kurudi mlikotoka. Njia iliyobaki ni ya kutokea chini tu.

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kushuka kwa kamba ni ufundi, na unaweza kuufanya kwenye jabali lolote, ukamaliza ukaenda kunywa chai. Kushuka korongo ni safari, na kamba ni kipande kimoja tu cha safari hiyo. Katika nusu siku ya korongo la wanaoanza, muda ambao kila mtu ananing'inia kambani huwa ni dakika chache mno. Saa zilizobaki ni za kutembea juu ya mwamba, kupenya mahali pembamba, kuteremka kwa kukaa, na kungoja zamu yako kivulini.

Korongo "kavu" maana yake nini

Asubuhi ile mwongozaji wetu alituambia korongo la siku hiyo ni "tatu, A, mbili". Hizo si namba za siri. Wamarekani wamejiwekea vipimo vya makorongo vyenye sehemu tatu. Tarakimu ya kwanza inaeleza ugumu: 1 ni kutembea tu, 2 ni kupanda na kushuka kwa mikono, 3 ni pale panapohitaji kamba, na 4 ni kwa waliobobea. Herufi inaeleza maji: A ni makavu au yenye maji kidogo ya kukanyaga, B yana madimbwi ya kuvukia kifuani au kuogelea, C yana maji yanayokwenda kwa kasi. Namba ya Kirumi mwishoni inaeleza muda, kuanzia I, ambalo ni la saa chache, hadi VI, ambalo linakula siku kadhaa. Basi 3A II ni korongo la kamba, lisilo na maji ya kutisha, la nusu siku. Anayeanza asikubali kupelekwa mbali sana na hapo.

Ningependa msomaji aitazame vizuri ile herufi A. Inasema korongo likoje kwa kawaida yake. Haisemi litakuwaje leo saa nane mchana. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu ndilo lililoua watu wengi zaidi ya kamba iliyowahi kukatika.

Nguzo ya gatini

Sasa nimjibu shangazi. Kamba ile haikuwa imeshikwa na mtu kwa nguvu za mikono. Ilishikwa na msuguano.

Ukisimama kwenye gati la Lamu wakati jahazi linafunga, utaona baharia mmoja mwembamba akilizuia jahazi zima. Hana misuli ya ajabu. Ameizungusha kamba kwenye nguzo mara mbili tatu, naye ameshika ncha yake kwa mkono mmoja. Kwa msuguano wa wastani, ule ambao vitabu vya fizikia huuandika 0.3, mzunguko mmoja kamili huiongeza nguvu ya mkono wako kama mara sita na nusu. Mizunguko miwili huifanya mara 43 hivi. Mitatu huipita mara 280. Hesabu hii hupanda kwa kuzidishwa, na ndiyo sababu kamba ikizungushwa mara moja zaidi mambo hubadilika kabisa.

Kushuka kwa kamba ni nguzo ya gatini iliyohamishiwa kiunoni mwako. Unavaa hanesi, yaani mikanda inayokamata kiuno na mapaja. Mbele yake kunafungwa karabina, pete ya chuma yenye mlango unaojifunga, na kwenye karabina kuna chuma cha kushukia, mara nyingi chenye umbo la tarakimu nane. Kamba, ambayo juu imefungwa imara, inapita ndani ya chuma hicho ikijikunja na kukwaruzana nacho, kisha inatoka kuja kwenye mkono wako ulio chini ya nyonga. Ukiishika ncha hiyo na kuivuta nyuma ya nyonga, unasimama. Ukiilegeza kidogo, inapita na wewe unashuka. Mtu wa kilo 80 huzuiwa na mkono unaofanya kazi ya kilo chache tu. Mtoto anaweza. Bibi anaweza.

Zamani mwili wenyewe ndio uliokuwa nguzo. Mwongozaji wa milima wa Chamonix, Ufaransa, Jean Charlet-Straton, ndiye anayetajwa kuwa alianza kushuka hivi kwa kamba alipokuwa akiujaribu mlima Petit Dru mwaka 1876. Baadaye Mjerumani Hans Dülfer, aliyeuawa vitani mwaka 1915, akaipa jina lake njia ya kupitisha kamba katikati ya miguu, kuizungusha pajani, kuikatisha kifuani na kuipeleka begani. Ilifanya kazi. Pia iliunguza paja na shingo, na kila aliyeshuka alibaki na alama. Vyuma vya leo vimechukua moto huo uliokuwa ukiingia kwenye ngozi. Joto bado lipo: ukishuka kwa kasi kama unavyoona katika sinema za wanajeshi, chuma hupata moto wa kuharibu uso wa kamba, kwani nailoni huanza kuyeyuka ikipita kidogo nyuzi 200 za Selsiasi. Shuka polepole, kwa mwendo wa mtu anayeteremka ngazi.

Jambo moja litakushangaza. Ukiwa juu kabisa, chuma huwa kigumu na inabidi uisukume kamba ipite. Ukikaribia chini, inaanza kuteleza kwa wepesi. Hakuna kilichoharibika. Mwanzoni uzito wa kamba yote inayoning'inia chini yako unakusaidia kufunga breki. Kadiri unavyoshuka, kamba iliyobaki chini inapungua, na msaada huo nao unapungua. Anayeanza akiambiwa mapema, mkono wake unajiandaa kukaza mwishoni. Asipoambiwa, ndipo moyo unaporuka.

Nanga

Watu huogopa kamba kukatika. Kamba za kazi hii zinazofuata kiwango cha Ulaya cha EN 1891, kundi A, zinatakiwa kustahimili kilonewtoni 22, ambayo ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 2,200. Hazivutiki sana, na hiyo ni kwa makusudi, kwa sababu kamba inayocheza kama mpira hujisugua huku na huku kwenye ukingo wa mwamba kama msumeno. Adui zake ni ukingo mkali, mchanga ulioingia ndani ya nyuzi, jua la miaka mingi, na asidi. Kamba iliyowahi kulala kwenye buti la gari karibu na betri inayovuja haifai tena, hata ikionekana mpya.

Lakini kamba nzuri iliyofungwa mahali pabaya ni sawa na hakuna kamba. Pale inapofungwa, mabaharia wangepaita nanga, na mimi nalipenda neno hilo. Nanga ya korongoni inaweza kuwa bolti mbili zilizotobolewa mwambani, mti ulio hai wenye mizizi, jiwe lililokwama, au hata rundo la mawe lililopangwa kwa ustadi. Mwongozaji mzuri huifikia nanga na kuanza kuishuku. Anazishika bolti kwa mkono kuona kama zinacheza. Anakagua utepe, yaani mkanda bapa imara, uliofungwa na waliopita kama umepauka kwa jua. Anausukuma mti. Huko Moab kuna jambo la ziada: mwamba ni wa mchanga ulioshikana, matuta ya jangwa la kale, na mwingi wake una umri wa takriban miaka milioni 190. Ukilowa maji, nguvu yake hupungua, ndiyo maana wenyeji hawakwei baada ya mvua hadi ukauke.

Kwa nini bolti mbili wakati moja ingetosha? Ya kwanza ikishindwa, ya pili ipo. Ila kuna hesabu nyingine ambayo kila mtoto aliyewahi kuchota maji anaijua bila kufundishwa. Watoto wawili wakibeba ndoo moja huku wamekaribiana, kila mmoja anabeba nusu. Wakiachana, mikono ikatanuka, ndoo ileile inakuwa nzito ghafla. Ndivyo ilivyo kwa bolti mbili zilizounganishwa kwa utepe. Pembe kati ya matawi ya utepe ikiwa nyuzi 60, kila bolti hubeba kama asilimia 58 ya mzigo. Ikifika nyuzi 120, kila moja inabeba mzigo mzima. Ikipita hapo, kila moja inabeba zaidi ya uzito wako. Ukiona mwongozaji anafunga utepe mrefu wenye pembe nyembamba badala ya mfupi uliotanuka, jua anaijua kazi yake.

Mkono wa pili

Nimesema msuguano ndio ulionishika. Bado kulikuwa na mtu, na shangazi alifurahi kusikia hivyo.

Kwa anayeanza, lazima pawe na njia ya kumzuia hata kama yeye mwenyewe ameachia kamba kwa hofu. Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni kamba ya pili, ambayo mwongozaji aliye juu ameifunga kwenye hanesi yako na anakupa taratibu. Ya pili ni mtu aliye chini akiwa ameshika mwisho wa kamba unayoshukia. Akiivuta kwa nguvu, kamba inakaza ndani ya chuma chako, nawe unasimama hewani palepale. Ni njia rahisi, na mwenye kuishika hapaswi kuangalia simu wala kupiga picha. Kwa sababu hiyo katika kundi lenye waongozaji wawili, mmoja hutangulia chini na mwingine hubaki nangani. Wapo pia wanaofunga uzi mdogo kwa fundo linalojikaza lenyewe, ambalo asili yake ni lile alilolieleza Karl Prusik wa Austria mwaka 1931: likiwa limelegea linateleza, likivutwa linauma kamba.

Halafu kuna ufundi ambao hauonekani kwenye picha, nami ndio ninaouheshimu kuliko wote. Fikiria umefika katikati na shati lako, au nywele, limeingia ndani ya chuma. Huwezi kushuka. Huwezi kupanda. Kamba ikiwa imefungwa nangani kwa fundo la moja kwa moja, mtu itabidi akufuate huko uliko. Mwongozaji aliyefundishwa haifungi hivyo. Anaipitisha kwenye chuma kilichofungwa nangani na kuizuia kwa namna inayoweza kufunguliwa ikiwa bado imebeba mzigo, huku akiwa na kamba ya ziada kwenye mfuko. Ukikwama, anafungua kizuizi na kukuteremsha mpaka chini kama ndoo kisimani. Hili lina haraka yake, maana mtu aliyening'inia bila kuchezesha miguu anaweza kuzimia, damu ikituama mapajani chini ya mikanda.

Hapa nizungumze na akina dada na akina mama. Nywele za kusuka ndefu, kilemba chenye ncha inayoning'inia, hijabu, kamba za kofia, mkufu, vyote hivyo hupenda kuingia kwenye chuma cha kushukia, kwa sababu kipo mbele ya kitovu na wewe unainama kukitazama. Si lazima uvue staha yako. Hijabu fupi ya michezo iliyochomekwa ndani ya fulana inafaa sana, na nywele zifungwe nyuma ziingie ndani ya kola, chini ya helmeti. Mwongozaji akikukagua nywele kabla hajakukagua mikanda, usimwone mjuaji.

Hatua ya kurudi nyuma

Sehemu ngumu kuliko zote ina urefu wa hatua moja. Umesimama ukingoni, umeipa bonde mgongo, na unaambiwa ukae hewani. Mwili wote unakataa. Akili inataka ujikunje, uukumbatie mwamba, magoti yaje mbele. Ukifanya hivyo miguu inateleza, na unaparuza goti na kiwiko ukutani.

Linalotakiwa ni kinyume cha silika. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Nyayo zote zikanyage ukuta. Halafu legea nyuma, ukae kwenye hanesi kama kwenye kiti, mpaka miguu yako iwe imenyooka kuelekea ukutani na kiwiliwili kimesimama. Uzito ukishaingia kwenye hanesi, nyayo zinapata mshiko, na ghafla unatembea kurudi nyuma juu ya ukuta. Mkono wa breki hauachii kamwe, hata kwa kupangusa jasho. Macho yatazame pale miguu inapokwenda.

Mimi nilisimama kwenye ukingo ule wa kwanza muda mrefu. Mwongozaji hakunihimiza. Alinieleza upya kila kilichonishika, kimoja kimoja, akikigusa kwa kidole: bolti hii, na ile, utepe, kamba, karabina imefungwa, hanesi imekaza, mwenzangu yuko chini ameshika mwisho. Orodha ile ilinituliza kuliko maneno yoyote ya kutia moyo.

Poromoko la pili siku ile, lile la kwenye picha, halina ukuta wa kukanyaga. Unashuka kando ya daraja la mwamba liitwalo Morning Glory, lenye urefu wa mita 74 kutoka upande hadi upande, na baada ya hatua chache ukuta unakimbia, unabaki wewe na kamba. Ni rahisi kuliko kwenye ukuta. Unakaa, unalegeza, unazunguka polepole kama kamba ilivyokupangia, na kimya cha mahali pale kinakuingia.

Mvua ya kwingine

Sasa ile herufi A.

Chukua nyumba ya mabati yenye mfereji mmoja. Mvua ikinyesha juu ya paa lote, maji yote yanatokea kwenye tundu moja pembeni. Hakuna tone linalonywewa na bati. Utah ndivyo ilivyo: mwamba mtupu wa kilomita nyingi ndio paa, na korongo ndilo mfereji. Wewe upo ndani ya mfereji. Wingu linaweza kuwa mbali kiasi kwamba juu yako ni jua na anga la bluu, na maji yakaja.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa hivyo katika Antelope Canyon, jimbo jirani la Arizona. Mvua ilikuwa imenyesha mbali juu ya walipokuwa. Tarehe 14 Septemba 2015, kundi la watu 7 liliingia korongo jembamba la Keyhole katika hifadhi ya Zion, Utah, siku ambayo mafuriko yalikuwa yametabiriwa. Wote 7 walikufa. Haya yalikuwa makorongo ambayo siku nyingi unapita na viatu vikavu.

Shangazi hakuhitaji mifano ya Marekani. Korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, liko karibu na kwake, nalo lilichongwa na maji yaliyotoka kwenye ziwa kubwa la kale lililokuwapo pale Naivasha ilipo. Kuta zake ni za miamba laini ya volkano, na watu hulitembelea kama njia ya miguu. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta humo vijana wa kanisa waliokuwa matembezini, wakafa 7. Septemba mosi 2019 yakaja tena, wakafa watu 7 wengine, na korongo likafungwa kwa muda. Anazikumbuka siku zote mbili. Anakumbuka pia kwamba mjini ulikuwa mchana wa kawaida.

Ndiyo maana ninasema kazi kubwa ya mwongozaji hufanyika kabla hujamwona. Asubuhi amesoma utabiri, na hautazami wa mjini tu bali wa eneo lote linalomwaga maji ndani ya korongo lake. Katika majira ya mvua za radi, ambayo huko Utah ni kati ya Julai na Septemba, anaingia alfajiri ili atoke kabla ya mchana, kwa sababu mawingu hayo hujengeka joto linapopanda. Anajua pale mtu anapoweza kupanda pembeni na pale pasipo na pa kupanda. Na ana ujasiri wa kuahirisha. Ukilipia safari na mwongozaji akakuambia leo hatuingii, na wewe unaona jua linawaka, mshukuru mtu huyo kwa moyo wako wote.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwenye ardhi ya umma ya Utah, mfanyabiashara anayeongoza watu kwa malipo anatakiwa kuwa na kibali cha serikali. Omba kukiona. Muulize kundi lina watu wangapi kwa mwongozaji mmoja. Muulize mtu akikwama katikati atamtoaje. Asiye na jibu la haraka hajawahi kulifanyia mazoezi. Muulize ni hali gani ya hewa inayomfanya aahirishe, na kama fedha hurudishwa, kwa maana anayepoteza fedha kwa kuahirisha ana kishawishi cha kutoahirisha. Mwambie ukweli kuhusu mgongo wako, moyo wako, ujauzito, na hofu yako. Uzito pia, kwani hanesi na vyuma vina mipaka yake.

Vaa suruali ndefu imara na viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira inayoshika. Beba maji. Lita nne kwa siku ndicho kipimo cha jangwa lile wakati wa joto, linapopita nyuzi 38. Kanyaga mwamba au mchanga wa mkondo mkavu, usikanyage lile ganda jeusi lenye vinundu juu ya udongo, kwa sababu ni kiumbe hai kinachoshikilia ardhi isipeperushwe, na alama ya kiatu kimoja huchukua miaka mingi kupona. Kamba zinazovutwa ovyo nazo huchimba mitaro kwenye ukingo wa mwamba ule laini. Utaiona, mingine yenye kina cha vidole viwili, ikiwa imeachwa na watu waliotutangulia.

Walio Kenya hawana haja ya kwenda Utah kuonja ufundi wa kamba. Klabu ya milima ya Kenya, MCK, ipo tangu 1949, na miamba ya Lukenya, nje ya Nairobi, imewafunza wengi. Ndani ya Hell's Gate kuna Fischer's Tower, nguzo ya mwamba ya mita 25, ambapo anayeanza hupanda na kuteremshwa huku akiwa amefungwa kamba kutoka juu. Mita 25 zinatosha kabisa kumfundisha mtu ile hatua ya kurudi nyuma.

Njia ya kutokea

Baada ya daraja tulitembea zaidi ya kilomita tatu kuelekea barabarani, tukifuata kijito chembamba kilichojaa miti. Chini ya lile daraja huota mmea wa majani matatu matatu ambao mafuta yake huwasha ngozi kwa siku nyingi, upupu wa huko, na mwongozaji alitupanga mstari mmoja ili mtu asiuguse.

Korongo hilo la kutokea linaitwa Grandstaff. William Grandstaff alikuwa mtu mweusi, mfugaji, aliyechunga ng'ombe wake humo mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuondoka mwaka 1881. Kwa zaidi ya karne moja ramani zililiita korongo kwa jina la kejeli lililotaja rangi yake badala ya jina la ukoo wake, mpaka lilipobadilishwa rasmi mwaka 2017. Nilisimama kwenye kibao pale mwanzo wa njia, vumbi jekundu hadi magotini, nikalisoma jina lake mara mbili.

Nilipomweleza shangazi haya yote, kwa awamu, kwa simu tatu, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama pale Fischer's Tower mtu wa umri wake anaruhusiwa. Nikamwambia tutauliza, kwa sababu kinachoangaliwa ni afya yake zaidi ya miaka yake. Amesema nikija Desemba tutakwenda. Sharti lake ni kwamba twende asubuhi mapema, na yeye ndiye atakayeangalia mawingu ya upande wa vilima kabla hatujatoka nyumbani.